Kabla Maji ya Ugali Hayajachemka: Namna Mtafiti Anavyoweza Kuieleza Kazi Yake Redioni na Kijijini

Dada mmoja mtafiti alikuja studio kwetu Dodoma akiwa na karatasi saba. Alikuwa ametumia miaka minne kuchunguza sumukuvu kwenye mahindi, ile ambayo maabara huiita aflatoksini, na pale nje kwenye benchi, tukisubiri zamu yetu, alinisimulia kazi yake vizuri mpaka fundi mitambo akaweka simu mfukoni akasogea kusikiliza. Tukaingia. Taa nyekundu ilipowaka, dada akainamia karatasi na kusoma: "Utafiti wetu ulibaini uwepo wa viwango vya juu vya uchafuzi wa aflatoksini katika sampuli zilizokusanywa kutoka kaya husika." Akaendelea hivyo dakika kumi na mbili. Simu ya wasikilizaji haikulia hata mara moja.

Aliyekuwa benchini na aliyekuwa kwenye maiki ni mtu yuleyule, na ujuzi ni uleule. Nimetengeneza vipindi vya kilimo na afya kwa miaka kumi na nne, na kwa miaka sita ya karibuni nimekuwa nikikaa na watafiti siku mbili mbili kuwaandaa kabla hawajaenda hewani au mbele ya mkutano wa kijiji. Wengi huja wakiamini wanaogopa maiki. Nikikaa nao nagundua jambo jingine. Sayansi yote waliisoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, tasnifu wakaandika kwa Kiingereza, maprofesa wakawahoji kwa Kiingereza. Leo wanatakiwa kuisema kwa lugha waliyolelewa nayo, na ndipo wanagundua hawajawahi kuisema hivyo hata siku moja. Mtu akikosa maneno, hujificha kwenye karatasi.

Kwa hiyo maandalizi yangu huanza na maneno. Nitatumia mfano wa sumukuvu mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndio ninaoujua kwa karibu, lakini kama wewe unachunguza samaki wa Ziwa Victoria au usugu wa dawa, njia ni hiyohiyo.

Nenda ukasikilize kwanza

Nikipata mtafiti wa nafaka, siku ya kwanza hatuingii ukumbini. Tunaondoka alfajiri kwenda Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye soko la mahindi. Nampa daftari na sharti moja: kwa saa mbili asimfundishe mtu chochote. Aulize, asikilize, aandike maneno kama yalivyotamkwa.

Jambo la kwanza atakaloliona ni mnunuzi anayechukua punje kutoka kwenye gunia, anaitia mdomoni na kuiuma. Ikikatika kwa mlio, anasema "kavu hii." Ikibonyea, anatema na kusema "bado mbichi." Mtafiti kwenye ripoti yake ameandika kwamba unyevu ulizidi asilimia 13.5. Ni jambo lilelile moja, ila mmoja amelipima kwa kifaa na mwingine kwa jino. Siku atakapokaa hewani, akisema "ukiiuma punje na ikabonyea chini ya jino, usiifunge kwenye gunia," msikilizaji wa Kongwa hatahitaji tafsiri.

Halafu atasikia neno ukungu. Watu husema mahindi "yameota ukungu," au "yamevunda." Hapa nawaomba watafiti watulie, kwa sababu neno la watu hubeba pia imani ya watu. Anayesema ukungu anafikiria kitu kinachoonekana, cha kijani au cheusi, ambacho ukikipangusa na kuyaanika tena mahindi, kimekwisha. Sumukuvu haiko hivyo. Kuvu inaonekana, lakini sumu inayotengenezwa na kuvu haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Mahindi yanaweza kuwa meupe kabisa na yakawa nayo. Kwa hiyo chukua neno lao ukungu uingie nalo mlangoni, kisha ndani ueleze tofauti: "Ukungu ni mpishi. Sumukuvu ni chakula alichokiacha. Ukimfukuza mpishi, sufuria bado ipo." Mfano huo alinipa mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, baada ya mtafiti kumweleza mara tatu bila kueleweka. Mara ya nne mama akamweleza yeye.

Neno sumukuvu lenyewe ni neno zuri, litumie. Limeunganisha sumu na kuvu, na mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza tayari ameshafika nusu ya njia. Aflatoksini iache maabara.

Sentensi ya jikoni

Zoezi la pili ninalolipenda kuliko yote hufanyika jikoni kwa mtu. Simama na mama yako, shangazi, jirani, yeyote anayepika. Akiinjika sufuria ya maji ya ugali, anza kumweleza kazi yako. Maji yakichemka ataanza kusonga na hatakusikiliza tena. Hapo katikati awe amepata mambo matatu: umeona nini, kinamhusu nani, na kesho asubuhi afanye nini tofauti. Kama hakuna cha kufanya kesho asubuhi, mwambie hivyo bila kuzunguka. Zipo tafiti ambazo kazi yake ni kufahamisha tu, na hilo linatosha.

Yule dada wa karatasi saba tulikaa naye wiki iliyofuata. Sentensi yake ya kwanza mmeisoma. Nilipomwomba aiseme kama anamwambia mama yake, ikawa hivi: "Tulipima mahindi ya kaya nyingi na tukakuta yana sumukuvu kupita kiasi kinachoruhusiwa." Ni afadhali, maana sasa kuna watu waliofanya kitu. Ila mama bado hajajua kama mahindi yake yamo.

Akajaribu tena: "Mama, mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo tuliyakuta na sumukuvu nyingi kuliko yaliyoanikwa juu ya turubai. Turubai moja litaikinga familia yako." Niliifurahia. Yeye akatikisa kichwa. "Siwezi kusema litaikinga," akaniambia. "Linapunguza. Sumu inaweza kuingia hata shambani, mahindi yakiwa bado yamesimama, hasa mwaka wa ukame." Nikamwambia hapo ndipo hasa anapotakiwa kusimama. Kurahisisha lugha kuna mpaka, na mlinzi wa mpaka huo ni wewe mtafiti; mtangazaji hawezi kukufanyia kazi hiyo. Sentensi ya mwisho ikawa: "Kuanika juu ya turubai badala ya chini kunapunguza sumukuvu kwenye mahindi yako." Maneno kumi na mawili, na kila neno angeweza kulitetea mbele ya maprofesa wake. Kuanzia hapo sauti yake ikabadilika. Mtu hujiamini anaposema kitu ambacho anajua hakitamgeuka.

Namba: ipe mwili

Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja. Ukisema hivyo redioni, umesema hewa. Watafiti wengine husema "sehemu kumi kwa bilioni," nayo haisaidii.

Kaa na kalamu. Mikrogramu 10 kwa kilo, kwenye gunia la kilo 100, ni miligramu moja. Punje moja ya mahindi ina uzito wa takribani miligramu 300. Basi sema: "Chukua punje moja ya mahindi, ikate vipande mia tatu. Kipande kimoja tu, hicho ndicho kiasi cha sumu kinachoruhusiwa ndani ya gunia zima la kilo mia. Kikizidi hapo, gunia halifai." Nimeona watu kwenye viwanja vya Nane Nane, pale Nzuguni, wakitazama punje kwenye kiganja chao baada ya kusikia hivyo. Mmoja alijaribu kuikata kwa kucha.

Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumukuvu ulizuka kwenye maeneo ya Dodoma na Manyara. Watu walikuja hospitali macho yamekuwa ya njano, matumbo yamevimba, wanatapika. Kwa waliorekodiwa, wagonjwa 68, takribani watatu kati ya kila kumi walifariki. Nasema "watatu kati ya kila kumi" kwa makusudi. Asilimia 30 ni ya kwenye jedwali. Kenya nao walipitia makubwa zaidi mwaka 2004, wagonjwa 317 na vifo 125, wengi Makueni na Kitui. Unapozitaja namba za aina hii, kumbuka anayekusikiliza anaweza kuwa ndugu wa mmoja wao. Punguza mwendo. Usiziweke kwenye orodha pamoja na bei za viuatilifu.

Lipo swali moja la namba ambalo lisipojibiwa vizuri hukufanya uonekane mwongo, nalo huulizwa karibu kila mahali: "Mlipima gunia langu mara mbili mkapata majibu mawili tofauti. Lipi la kweli?" Jibu lake ni kwamba sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Hujikusanya kwenye punje chache. Ukichota hapa ukakosa zile mbaya, unapata kidogo. Ukichota pale ukazipata mbili tatu, unapata nyingi. Ndiyo maana wapimaji huchota sehemu nyingi za gunia, huchanganya, husaga, ndipo hupima. Fananisha na wali wenye mchanga: vijiko vitano unakula vizuri, cha sita unang'ata jiwe. Mkulima akielewa hilo, hapo hapo ameelewa pia kwa nini kuchambua kwa mkono punje zilizovunjika, zilizobunguliwa na zilizobadilika rangi kuna maana, ingawa sumu yenyewe haioni. Jibu moja limefanya kazi mbili.

Mfano mzuri, na mahali unapokatikia

Aflasafe ilisajiliwa nchini mwaka 2018. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ya asili ya hapahapa nchini, jamii ileile ya kuvu mbaya, ila hii haitengenezi sumu. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Sasa mweleze mkulima kwamba unamletea kuvu shambani ili kuondoa madhara ya kuvu. Mara ya kwanza hewani msikilizaji alipiga simu akauliza, kwa hasira ya haki kabisa: "Mnataka kutuongezea tena?"

Mtafiti aliyekuwepo siku hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, ulishapanda daladala ya asubuhi kutoka kituoni? Waliowahi wamekaa siti zote. Atakayekuja baadaye, hata akiwa na nguvu, hana pa kukaa. Sisi tunawahisha wale wasio na madhara wakae kwenye siti." Mzee akacheka, akasema ameelewa. Nililipenda jibu hilo kwa moyo wote.

Lakini mfano wowote una mahali unapokatikia, na mtafiti anatakiwa apajue kabla msikilizaji hajampeleka. Kwenye daladala, siti zikijaa hakuna anayeingia. Shambani wachache wenye sumu huingia bado, ndiyo maana Aflasafe inapunguza sumukuvu sana bila kuifuta, na ndiyo maana ukivuna ukaanika vibaya unarudi ulikotoka. Mtafiti yule aliongeza: "Ila mzee, wapo watakaoning'inia mlangoni. Kwa hiyo turubai usiliache." Tengeneza mfano wako, halafu kaa na mwenzako maabara mjaribu kuuvunja. Ukijua unavunjikia wapi, utautumia bila wasiwasi.

Usimtishe mtu ambaye hujampa pa kushika

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kosa lilikuwa langu. Miaka ya mwanzo nilifungua kipindi kwa kusema, "Mahindi unayokula leo yana sumu." Nilitaka watu wasiondoke kwenye redio, na kweli hawakuondoka. Kesho yake mama mmoja anayeuza mahindi kwa debe alinisubiri nje ya kituo. Wateja wake walikuwa wamempita siku nzima. Alikuwa ameanika kwenye turubai, amechambua, amefanya yote, na hakuwa na namna ya kumthibitishia mtu. "Umesema sumu," akaniambia, "hukusema nifanyeje ili waniamini." Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo kila mtafiti ninayemwandaa namlazimisha aambatanishe tishio na kitendo kwenye pumzi moja. Sumukuvu inadhuru ini, na ikikutana na homa ya ini aina ya B hatari ya saratani inakuwa kubwa zaidi. Hilo ni kweli, liseme. Ila usiishie hapo: kausha, chambua, hifadhi pakavu, na mpeleke mtoto akapate chanjo yake ya homa ya ini.

Maswali magumu

Kipindi cha pili cha yule dada kilikuwa na simu nne. Ya pili ilitoka kwa mama wa Chamwino. "Shikamoo daktari. Kliniki wanatuambia tule dona, ina virutubisho. Wewe umesema sumu inakaa kwenye pumba na kiini, tukoboe. Tumwamini nani?"

Nilimtazama dada. Nilikuwa nimemfundisha mambo matatu kwa ajili ya swali kama hili: lirudie kwa maneno yako ili upate pumzi na aliyeuliza ajue umemsikia, sentensi ya kwanza iwe jibu lenyewe, sababu zifuate. Na asiseme "swali zuri sana," kwa sababu aliyeuliza hakuja kusahihishiwa mtihani.

"Marahaba mama. Unauliza kliniki na mimi nani anasema kweli. Wote wawili. Pumba na kiini ndipo virutubisho vilipo, na ndipo sumukuvu inapojikusanya zaidi. Kwa hiyo yaangalie mahindi kwanza. Kama yamekauka vizuri na umeyachambua, saga dona. Kama unayatilia shaka, yalinyeshewa au yamebunguliwa, chambua sana na ukoboe; kukoboa kunapunguza. Na pumba za mahindi mabaya usimpe ng'ombe, maana sehemu ya sumu hiyo inatoka kwenye maziwa."

Alijibu kwa chini ya dakika moja. Hakumwangusha muuguzi wa kliniki, na hilo nalipongeza sana. Msikilizaji anawahitaji nyote wawili. Ukimvunjia imani kwa mmoja hujampa faida yoyote.

Simu ya tatu ilikuwa ngumu zaidi. Baba mmoja aliuliza kama sumukuvu ndiyo inayowafanya watoto wadumae. Hapa watafiti wengi huteleza upande mmoja au mwingine: ama wanasema ndiyo kwa sababu wanataka watu wachukue hatua, ama wanaingia kwenye maelezo marefu ya takwimu. Dada akasema: "Tunaona vitu hivi viwili vikienda pamoja mara nyingi, watoto waliokula sumukuvu zaidi na watoto wafupi. Lakini kwenye nyumba yenye mahindi mabaya mara nyingi kuna na chakula kichache, na maji yasiyo salama. Hatujaweza kutenganisha vizuri ni kipi kinafanya kiasi gani. Ninachokijua kwa uhakika ni kwamba sumu hii haimfai mtoto kwa vyovyote." Sema "hatujajua" kwa sauti ileile unayosemea unachokijua. Usiishushe, usiombe radhi. Watu wetu wanamwelewa mtu anayejua mwisho wa shamba lake.

Wanaofanya tafiti za kuchukua damu wana swali lao la peke yake, hasa pwani. Mtu hatakuuliza waziwazi, ila neno mumiani litakuwa limeshapita kijijini kabla gari lako halijafika. Usilikejeli. Watu wana historia ya kuchukuliwa vitu bila kuambiwa vinakwenda wapi. Mwonyeshe kijiko cha chai: mililita tano, kijiko kimoja. Mweleze damu inaenda maabara gani, inapimwa nini, inayobaki inafanywaje, na majibu yatamfikia lini. Kisha yamfikie kweli.

Siku yenyewe

Hapa nitakwenda haraka. Mwambie msemaji wa taasisi yako mapema na upate ruhusa kwa maandishi. Hakuna kinachomtetemesha mtu kwenye maiki kama kutojua bosi atasemaje. Mwulize mtangazaji mambo matatu: kipindi ni cha moja kwa moja au cha kurekodi, nani mwingine atakuwepo, na simu zitapokelewa? Kwa mwandishi wa gazeti usiombe kuihariri habari yake, omba kuhakiki namba na majina; wengi watakukubalia. Kisichotakiwa kutangazwa usikiseme, hata kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Acha karatasi nje, ingia na kadi moja yenye maneno matatu. Maiki iwe mbali na mdomo kwa shubiri moja. Maji, yasiwe ya baridi. Ukiwa Ugogoni, ile salamu ya "mbukwenyi" ya kuanzia isiwe ya kuigiza. Jifunze kuitamka na kuitikia. Na zungumza na mtu mmoja. Mimi huwaambia wamfikirie yule mnunuzi wa Kibaigwa mwenye punje mdomoni.

Kijijini

Mkutano wa kijiji ni mgumu kuliko redio, kwa sababu watu wanakutazama na wanakukumbuka. Kwenye kijiji kimoja, chini ya mbuyu, tulipomaliza kujitambulisha kupitia mwenyekiti na mtendaji, mzee mmoja alisimama akaegemea fimbo yake. "Mwanangu," akamwambia mtafiti, "wewe ni wa tatu kuja kupima mahindi yetu. Wa kwanza alichota. Wa pili akachota. Majibu yao sijui yako wapi." Mtafiti hakuwa mmoja wa hao, lakini hakujitetea. Alimwomba mzee msamaha kwa niaba ya kazi yao, akachukua daftari akaandika majina ya wote waliotoa mahindi, akataja mwezi atakaorudi. Alirudi mwezi huo. Kama huna bajeti ya safari ya kurudisha majibu, iweke kwenye andiko la kuomba fedha tangu mwanzo, mstari wake kabisa, kama unavyoweka vitendanishi.

Na usije mikono mitupu. Beba chupa ya glasi iliyo kavu na chumvi kavu. Mwombe mtu alete mahindi yake mwenyewe. Jaza punje theluthi ya chupa, weka vijiko vikubwa viwili vitatu vya chumvi, mpe kijana aitikise kwa nguvu dakika nzima, kisha iacheni itulie robo saa huku mkizungumza mengine. Watu wataisogelea wenyewe. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, yamepungua chini ya hapo, lakini waambie waongeze siku ya jua, kwa sababu kuhifadhi kunataka 13 na kitu na chupa haioni tofauti hiyo. Chupa nimeiona ikizungushwa mkono kwa mkono mpaka kwa akina mama waliokaa nyuma kabisa, na mmoja wao akaikwaruza chumvi kwa kidole kwa nje, akidhani iko upande wake.

Mkimaliza, redioni au kijijini, usiondoke. Kaa nusu saa. Maswali yanayokuja baada ya taa kuzima ndiyo ambayo mtu aliona aibu kuyauliza mbele ya wenzake, na hayo ndiyo ya kuandika kwenye daftari kwa ajili ya safari ijayo. Yule dada, baada ya kipindi cha pili, alirudi kwenye benchi lile la nje akiwa na simu ya kituo sikioni. Aliyepiga alikuwa mama anayemtengenezea mtoto wa miezi minane uji wa unga wa lishe, wenye mahindi na karanga, na alitaka kujua kipi kati ya hivyo viwili akichambue kwanza. Dada alimwambia vyote, kila kimoja peke yake, kabla ya kuchanganya na kusaga, na zile karanga zilizosinyaa au zenye rangi tofauti azitupe bila kuzionea huruma. Kisha akamwuliza anazinunua wapi, akaandika jina la soko.